Msumari wa Nguru

Nilipofika nyumbani Ijumaa ile jioni, nilikuta chumba changu kimeshatandikwa, ila hakikutandikwa kwa ajili yangu.

Shuka zilikuwa mpya, za bluu, zimenyooshwa mpaka kwenye kona. Mto ulikuwa ule mzuri wa manyoya ambao Mama huuficha kabatini. Chini ya kitanda palikuwa na jozi ya buti za mpira, nyeusi, kubwa, bado zina karatasi ya dukani kwenye kisigino. Nilisimama mlangoni na begi mgongoni, mtoto wa nyumba hii kwa miaka ishirini na mitatu, nikasoma namba ya zile buti. Arobaini na nne. Baba yangu anavaa arobaini na moja.

"Wewe utalala na mimi," Mama alisema kutoka jikoni. "Zhaoming anatoka Jinan, atakuwa amechoka."

"Mimi nimetoka Wuhan, Mama. Ni mbali mara tatu."

"Wewe ni wa hapa. Mtu hachoki kurudi kwao."

Zhaoming ni mume wa dada yangu Yunfang. Ni fundi wa lifti huko Jinan, lakini kwao ni Shanxi, bara kabisa, mahali ambapo samaki hufika akiwa ameshaisahau bahari. Alipomwoa dada yangu miaka mitatu kabla ya hapo, hakujua kutofautisha kaa dume na kaa jike. Safari hii alikuja peke yake, maana Yunfang alikuwa na mimba ya miezi saba na daktari alimkataza kusafiri. Mtu angedhani mke akibaki na mume naye atabaki. Lakini ilikuwa wiki ya nguru, na shemeji yangu hakosi wiki ya nguru.

Huku kwetu Shazikou, pembeni mwa Qingdao, baridi ikiisha na nguru wakianza kupita, mkwe humpelekea samaki baba wa mkewe. Humpeleka mzima, hajapasuliwa wala kukatwa mkia, na hamtii kwenye mfuko. Humbeba mkononi, wazi, akapita naye uchochoro mzima ili kila mwenye macho aone. Baba mkwe humpokea na kumtundika kwenye msumari kando ya mlango kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha ndipo samaki aingie jikoni. Katika muda huo wa chai majirani wote hupata shughuli upande ule.

Baba alipigilia msumari wake wiki aliyozaliwa Yunfang. Nilipozaliwa mimi, miaka saba baadaye, watu walimtania wakamwambia apigilie wa pili. Alisema mmoja unatosha. Msumari ukakaa mtupu miaka mingi, ukaota kutu, na Baba akawa mtu wa kuchekwa kila majira ya nguru: mabinti wawili na mlango mkavu. Basi Zhaoming alipoleta nguru wake wa kwanza, Baba alimwacha msumarini kutwa nzima, mpaka paka wa jirani yetu, Shangazi Jiang, akamla mkia.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Mwaka mzima nilikuwa Wuhan nikiwafundisha kusoma watoto wa vibarua wa ujenzi, katika chumba tulichoazimwa nyuma ya duka la mabomba. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtoto akifunguliwa kitabu amefunguliwa mlango. Niliamini pia kwamba mambo ya mkwe na binti yanaweza kubadilika, mtu mmoja akianza. Kama mkwe anaweza kumletea baba nguru, kwa nini binti asiweze? Njia nzima kwenye treni nililiita jambo hilo haki. Lakini nilipoziona zile buti, kilichonijia hakikuwa haki.

Tulikula nje, kwenye meza fupi mbele ya mlango. Mama alileta beseni la kome waliochemshwa na pilipili kavu, na Baba akarudi kutoka dukani na mifuko miwili ya plastiki imejaa bia ya pipa, inaning'inia vidoleni mwake kama mifuko ya kubebea samaki wa mapambo. Zhaoming alikuwa ameshaoga na kuvaa kandambili za Baba. Ana mabega mapana na aibu nyingi, akicheka huziba mdomo kwa mkono.

"Kula, mwanangu," Baba alimwambia, akimsogezea beseni. "Kesho maji yanakupwa saa moja asubuhi. Nimekununulia buti."

"Baba, usingejisumbua. Zile za mwaka jana zilinitosha."

"Zilikubana. Nilikuona unavyotembea, kama bata."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nafungua kome mmoja baada ya mwingine bila kumla hata mmoja. Baba alinigeukia.

"Na wewe, Shu. Bado unawafundisha wale watoto?"

"Bado. Mwezi uliopita mmoja wao alimsomea mama yake barua ya—"

"Vizuri, vizuri," alisema, kisha akamgeukia Zhaoming. "Ile lifti ya hospitali uliyoniambia, iliyokwama na bwana harusi ndani. Ilikuwaje mwishowe?"

Hapo ndipo Shangazi Jiang alipotokea ukutani. Nyumba yake na yetu zinagawana ukuta mfupi wa mawe, na kwa miaka yote ninayomjua habari za mtaa huingia kwetu kupitia kichwa chake. Ni mama wa miaka sitini na mitano anayeogelea mwaka mzima, na kwa kuogopa jua huvaa baharini kile kinyago cha kitambaa chenye matundu ya macho na mdomo. Jioni ile alikuwa amekikunja juu ya paji la uso, cha rangi ya machungwa.

"Mkwe kafika," alisema. "Mikono mitupu?"

"Kesho, Shangazi," Zhaoming alijibu.

"Wa kwangu alileta Jumanne. Ilibidi msumari ushikwe na watu wawili." Akanitazama. "Na wewe Shu, msomi wetu, utatuletea lini mwenye nguru? Baba yako anazeeka na mkwe mmoja."

"Nitamleta mwenyewe," nilisema.

"Mume?"

"Nguru."

Shangazi Jiang alicheka mpaka kinyago kikamwangukia puani. Mama alicheka. Zhaoming aliziba mdomo. Lakini aliyecheka kuliko wote alikuwa Baba, kichwa nyuma, bia ikimwagika kwenye goti. "Huyu mtoto," alisema akijifuta macho, "huyu mtoto anataka kuwa mkwe wangu."

Nilicheka pia. Sikujua nifanye nini kingine na uso wangu.

Asubuhi niliamka nikasikia mlango wa nje ukifungwa. Niliwafuata kwa mbali mpaka ukuta wa ufukweni. Kulikuwa na ukungu mwembamba, na maji yalikuwa yametoka mbali, mchanga umebaki mweusi na kung'aa. Nikawaona wameinama, Baba na Zhaoming, vichwa karibu kugusana. Zhaoming alikuwa ameshika reki yangu.

Ni reki ndogo ya meno matano, yenye mpini aliouchonga Baba mwenyewe kwa kipimo cha mkono wangu nilipokuwa na miaka sita. Mkononi mwa Zhaoming ilionekana kama uma wa kulia. Baba alinyunyiza chumvi kwenye tundu la mchanga, akainua kidole: subiri. Nilikijua kidole kile. Kome mrefu akihisi chumvi hudhani bahari imerudi, hujisukuma juu, na hapo lazima umshike upesi bila kumvuta kwa pupa. Zhaoming alimvuta kwa pupa, akakatika. Baba akampiga kofi la mgongo, akacheka. Mimi nilipomkata wa kwanza, nakumbuka, Baba hakucheka. Alisema, "Tena." Nilikaa nikirudia mpaka maji yakanifika magotini.

Niligeuka nikaenda gatini.

Boti zilikuwa zimeanza kuingia. Mwaka ule nguru wakubwa walikuwa adimu. Nilipita kreti kwa kreti nikiona samaki wa kimo cha mkono mpaka kiwiko, wazuri tu, wa kuliwa, lakini si wa kumkomesha Shangazi Jiang. Wakubwa wote walikuwa wameshaagizwa. "Ungekuja wiki iliyopita," kila mtu aliniambia. Mwisho nikafika kwa Bi Lan, ambaye mumewe alivua kwenye boti moja na Baba zamani. Kwenye barafu yake alilala nguru mmoja wa urefu wa mguu wangu mzima, mgongo wa bluu ya wino, madoa yake bado yanameremeta. Mkiani alikuwa amefungwa kamba nyekundu.

"Huyo ni wa kwenu," Bi Lan alisema kabla sijafungua mdomo. "Shemeji yako kamwagiza tangu wiki iliyopita. Kila siku ananipigia simu, 'Bi Lan, usinisahau, Bi Lan, usinisahau,' mpaka mume wangu ananiuliza ni nani huyo. Hata kamba katuma kwa posta." Akamwinua samaki kwa mikono miwili. "Kakutuma wewe?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nataka kusema ukweli kuhusu hilo. Si kwamba jibu lilinitoka ghafla. Nilimtazama yule samaki, nikaisikia tena bia ikimwagika kwenye goti la Baba.

"Ndiyo," nilisema. "Kanituma."

"Mbebe vizuri basi, asikutoke. Ana nguvu kuliko wewe, hata akiwa maiti."

Nilikuwa sijamaliza ngazi za gati nilipoitambua ile kamba. Ilikuwa imesukwa kwa nyuzi nne. Yunfang ndiye aliyenifundisha msuko ule, mimi nikiwa na miaka mitano, nimekaa katikati ya magoti yake. Hakuna mtu mwingine anayemalizia kwa fundo lile la mapacha. Alikuwa amekatazwa kusafiri, basi akasuka kamba akaituma itangulie. Nililijua hilo kwenye ngazi ya tatu. Niliendelea kupanda.

Uchochoro wetu una milango kumi na tisa. Nilimbeba nguru wazi, kwa mikono yote miwili, kichwa kimeegemea bega langu.

"Shu! Umeolewa lini bila kutualika?" mtu aliniita kutoka kwa kinyozi.

"Sijaolewa. Nampelekea Baba samaki."

"Huyo si samaki, huyo ni mtoto wa darasa la kwanza."

Watu walitoka. Nilitembea polepole. Ninakiri kwamba sijawahi kutembea vizuri namna ile, hata siku ya kupokea shahada yangu.

Baba alikuwa mlangoni akisuuza ndoo ya kome. Alikuwa peke yake. Zhaoming alikuwa ametoka ufukweni moja kwa moja kwenda gatini. Baba alimwona samaki kwanza, kisha akaniona mimi. Aliikausha mikono yake kwenye suruali. Akambonyeza nguru tumboni kwa kidole gumba, akafunua shavu na kuangalia wekundu wake, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Wa leo asubuhi," alisema.

Kisha vidole vyake vikafika kwenye kamba, vikasimama pale.

"Kamba hii..."

"Ndiyo, Baba," nilisema haraka, nisijue nakubali nini.

Aliniangalia kwa muda, akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu nikiwa wa kubebwa. Akamtundika nguru msumarini. Kichwa cha Shangazi Jiang kilikuwa kimeshachomoza ukutani.

"Nani kaleta?" aliuliza.

"Binti yangu," Baba alisema. "Binti yangu kaniletea." Halafu, kama vile mama yule ni kiziwi: "Yule mdogo. Binti yangu."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja kwa muda mrefu kiasi kwamba yalipofika niliyasikia kama yanamhusu mtu mwingine. Na kwa kweli yalimhusu mtu mwingine.

Zhaoming alikuja nusu saa baadaye. Alikuwa bado amevaa zile buti mpya, zikilia chwap, chwap, na mkononi amebeba nguru mdogo, wa kiganja na nusu, ndiye pekee aliyekuwa amebaki gati zima baada ya wengine wote kununuliwa. Hakuwa na kamba. Alimbeba wazi, kama desturi inavyotaka, kupita milango yote kumi na tisa.

"Mkwe," Shangazi Jiang alimwita, "huyo ni nguru au dagaa?"

"Nimechelewa kuamka, Shangazi."

"Umechelewa kumlea. Ungemwacha baharini akue kidogo."

Uchochoro ulicheka. Zhaoming alifika mlangoni, akaona msumari, akaona samaki mkubwa, akaona kamba ya mkewe. Aliitazama kamba kuliko alivyomtazama samaki. Kisha akanitazama mimi, na nikaangalia chini kwenye buti zake.

"Shu kaleta," Baba alimwambia kwa furaha, akampiga begani.

"Naona," Zhaoming alisema. "Mkubwa kweli."

Baba alimpokea yule mdogo kwa mikono miwili, akamshukuru, akampa Mama ampeleke ndani. Msumari ulikuwa umejaa.

Nyumbani kwetu nguru wa kwanza huliwa kwa jiaozi, zile sambusa ndogo za kuchemsha. Mama alikanda unga akatoka nje kukaa na Baba juani, kwa hiyo jikoni tulibaki mimi na shemeji. Mimi nilikwangua nyama ya nguru kwa kijiko, yeye akaipiga kwenye bakuli kwa vijiti huku akimwagia maji ya pilipili kidogo kidogo. Lazima upige upande mmoja tu, ukigeuza mkono nyama inavunjika. Alipiga upande mmoja, bila kusema, mpaka nikashindwa kuvumilia sauti ya vijiti.

"Ulikwenda kwa Bi Lan?"

"Nilikwenda."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza kama nilikutuma." Aliongeza maji. "Nikamwambia ndiyo."

Kijiko kiligonga mfupa. "Kwa nini hukusema ukweli?"

"Niseme nini, Shu? Kwamba nimeibiwa samaki na shemeji yangu mwalimu?" Nilimwona ana hasira, masikio yake yalikuwa mekundu. "Usifikiri sikukasirika. Ngazi zote za gati nimepanda nikikutukana kwa lugha ya kwetu, na kwetu kuna matusi marefu. Yunfang alisuka ile kamba jioni tatu. Vidole vimemvimba. Kila fundo ananiuliza, 'Hili limekaa sawa?'"

Niliendelea kukwangua. Kisha nikasema: "Amekupa reki yangu."

"Nani?"

"Baba. Ile ni reki yangu. Na chumba, na buti, na anakuita mwanangu. Mimi ananiuliza swali moja kwa mwaka na hangoji jibu. Nilitaka msumari mara moja tu."

Zhaoming aliacha kupiga. Alinitazama kama mtu aliyefungua lifti akakuta ukuta.

"Unajua tunazungumza nini kule mchangani?" alisema. "Wewe. Miaka mitatu ninainama kwenye matope, na kila tundu lina hadithi yako. Shu alipokuwa na miaka sita alishika kome kumi na wanne. Shu aliwahi kumwambia mwalimu wake kwamba bahari haina mwisho ila ina likizo. Nikimkata kome ananicheka, anasema Shu hakuwa anakata. Ananifundisha mimi, lakini kipimo ni wewe. Nakuonea wivu, bibi wee, kuliko unavyodhani. Hata siku moja hajaniuliza baba yangu alifanya kazi gani."

Alisema hivyo akageukia bakuli. Nyama ilikuwa imeanza kukaza.

"Alifanya kazi gani?" niliuliza.

"Mgodi wa makaa. Alikufa nikiwa kidato cha pili." Akashika vijiti. "Usimwambie Baba habari za samaki. Amefurahi. Mwache afurahi."

Tulikaa mezani mchana, sote wanne, mvuke wa jiaozi ukituficha nyuso. Baba alimimina bia. Alikuwa ameshawaambia kinyozi, muuza mkaa na watu wawili waliopotea njia kwamba binti yake kamletea nguru. Alinyanyua glasi.

"Leo nakunywa kwa ajili ya Shu," alisema.

Zhaoming alinyanyua yake. Mama pia. Nilitazama jiaozi iliyokuwa kwenye kijiko changu, nyeupe, imebanwa vizuri na vidole vya shemeji yangu, na nikajua kwamba nikiimeza, maneno yale, binti yangu kaniletea, nitayapata kwa uongo maisha yangu yote na sitaweza kuyaomba tena kwa haki.

"Baba," nilisema. "Samaki si wangu. Ni wa Zhaoming. Nilimdanganya Bi Lan kwamba kanituma."

Glasi ya Baba ilibaki hewani. Mama alisema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo, akaweka vijiti chini.

"Niliijua kamba ya dada yako," Baba alisema. "Niliijua kabla sijamshika samaki. Nikadhani mmepanga, ninyi watatu. Kwamba Zhaoming kakuachia ubebe, kwa kuwa jana nilikucheka." Aliweka glasi mezani. "Nikajisemea, mkwe huyu ana roho ya namna gani."

Yaani hata lile tabasamu la mlangoni halikuwa langu. Hata nilipoiba, sifa zilikwenda kwake. Ningecheka kama nisingekuwa karibu kulia.

"Baba, yamekwisha," Zhaoming alisema. "Samaki ni wa nyumba moja."

"Hayajakwisha. Zhaoming kapita uchochoro mzima na kidagaa, watu wakamcheka." Baba aliniangalia, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nenda kamwambie Shangazi Jiang."

"Sasa?"

"Akishajua yeye, wamejua wote. Utapumzika kuzunguka."

Nilikwenda ukutani. Shangazi Jiang alikuwa akianika nguo zake za kuogelea. Nilimwambia yote, tangu kreti ya Bi Lan mpaka kamba. Alinisikiliza huku kibano cha nguo kikiwa mdomoni, kisha akakitoa.

"Nilijua," alisema. "Mkono wako hauwezi kuchagua nguru yule. Wewe ulikuwa unachagua vitabu." Akanyoosha taulo. "Lakini mimi ningefanya hivyo hivyo. Mwenzako nilikuwa na kaka sita."

Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni. Alikuwa amemtoa yule nguru mdogo kwenye beseni la Mama, ameichukua kamba ya Yunfang, na sasa alikuwa akimfunga mkiani kwa uangalifu mkubwa, samaki wa kiganja na nusu kwenye kamba iliyokaribia kumzidi urefu. Akamtundika. Akavuta kigoda, akajimiminia chai, akakaa chini yake mtaa mzima umwone. Zhaoming alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni, na sikuweza kujua kama anacheka.

Chai ile Baba aliinywa polepole sana. Hakunisemesha tena mchana huo, wala wakati wa chakula cha jioni. Nilipokuwa naondoa vyombo ndipo aliposema, akitazama kwingine: "Kesho maji yanatoka karibu saa mbili. Vaa soksi mbili, buti za mama yako zimetoboka."

Tulikwenda watatu. Ukungu ulikuwa umeondoka na mchanga ulikuwa baridi mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha kuipokea reki yangu, lakini Baba alimpa Zhaoming, bila hata kufikiri, na mimi akanipa kopo la chumvi na ndoo. Niliyapokea. Tulitembea tukiangalia chini, mpaka Baba akaona tundu la kwanza.

"Hapa," alisema, akachuchumaa. "Shu alipokuwa na miaka sita—"

Moyo wangu ulifunguka kama mlango. Nilitaka kuisikia hadithi ile. Nilitaka kusimama pale nikiwa mkubwa na kusikia nilivyokuwa, kwa kinywa chake, mbele ya mtu mwingine. Zhaoming alikuwa ameshainama, ametulia, tayari kusikiliza kama alivyosikiliza miaka mitatu.

"Baba," nilisema, "mwache Zhaoming aseme leo. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Hujawahi kumuuliza."

Baba aliinua kichwa. Alimtazama mkwe wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Chini ya ardhi?" aliuliza. "Chini kabisa?"

"Mita mia nne, Baba."

"Mita mia nne." Baba alipiga hesabu ya mtu wa baharini; nilimwona akizigeuza kuwa kina cha maji. "Na huko chini, alijuaje kama dari litashuka?"

"Kwa sauti. Mbao hulia kabla."

"Boti nayo hulia kabla," Baba alisema. "Hebu nieleze, hulia vipi?"

Zhaoming akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, reki ikipepea, na Baba akamsogelea, kisha akamsogelea tena, mpaka vichwa vyao vikakaribia kugusana juu ya lile tundu ambalo hakuna aliyelikumbuka. Nilisimama hatua mbili nyuma. Wivu ulinishika palepale uliponishika jana yake, chini ya mbavu, mzima, haujapungua hata kidogo. Nilichuchumaa, nikanyunyiza chumvi mwenyewe kwenye tundu jingine, nikainua kidole, nikangoja.